Kimya Changu Mbele ya Kamera

Mama alipopata kiharusi, mimi na mume wangu tulikuwa tukikaa Gombani, karibu na Chake Chake, Pemba, katika nyumba ya vyumba viwili aliyoijenga mwenyewe kabla ya kunioa. Yeye ni fundi wa mafriji. Kwao ni kisiwani Fundo, ambako ndugu zake wote ni wavuvi, lakini yeye aliondoka angali kijana kwa sababu bahari ilikuwa ikimtapisha. Alinieleza jambo hilo wiki ya kwanza ya ndoa yetu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayekiri kosa. Nilicheka, naye akacheka, na nadhani siku ile ndiyo niliyoanza kumpenda.

Mama alikuwa Wete, katika nyumba aliyotuachia marehemu baba. Ugonjwa ulimpooza upande wote wa kulia na kumwachia maneno machache, tena yaliyokunjana. Tuko watoto watatu. Kaka yangu anakaa hapo hapo Wete, ana mke na watoto sita katika nyumba isiyowatosha. Dada yetu mkubwa yuko Dar es Salaam, anapamba kumbi za harusi. Nikabaki mimi. Nilimwomba mume wangu tuhamie kwa mama kwa muda, mpaka apate nafuu. Hakuniuliza muda huo ni kiasi gani. Aliifunga nyumba yake, akawaaga wateja wake wa Chake Chake, akapakia mitungi ya gesi na masanduku ya vyombo vyake kwenye gari, akaenda kuanza upya katika mji ambao hakuna aliyemjua kama fundi. Mimi, mwalimu, nikapata uhamisho wa skuli. Binti yetu, ambaye ni wa pekee, alikuwa ameshakwenda kusoma Unguja.

Ule muda ukawa miaka mitatu.

Mama alikuwa mtu mzito, na mimi peke yangu sikuweza kumwinua kitandani nikamfikisha kwenye kiti cha kuogea. Mume wangu ndiye aliyeigundua namna ya kumbeba bila kumuumiza. Aliweka goti moja kitandani, akapitisha mkono chini ya mabega yake, akamwambia, "Bi mkubwa, nishike shingo," kisha akahesabu mpaka tatu. Kumwogesha nilimwogesha mimi. Yeye alimfikisha tu, akatoka, akasubiri nyuma ya mlango mpaka nimwite. Alifanya hivyo asubuhi kabla ya kwenda kazini, na alasiri akirudi. Wala sikumsikia hata siku moja akisema amechoka. Mama naye alimwita "fundi," na neno hilo, katika yote aliyobakiwa nayo, ndilo alilolitamka vizuri kuliko mengine.

Aliyelalamika ni mimi. Mwaka wa pili, katika mvua za masika, paa la uani lilikuwa likivuja. Nilimwomba mume wangu alitazame, akasema kesho, na kesho hiyo ikapita mara nne. Nguo za mama zilikuwa hazikauki, nami nilikuwa sijalala vizuri kwa wiki nzima. Dada akanitumia salamu kwenye simu. Nikamjibu kwa ujumbe wa sauti, nimesimama jikoni na mwiko mkononi, nikamwaga yote niliyokuwa nayo moyoni. Katikati ya hayo nikasema, "Huyu mwanamume naye, tangu tuingie humu kajisahau. Kafunga kwake, kaja kujikalia kwa watu, hana hata habari ya kurudi."

Ilikuwa hasira ya dakika tano. Jioni ile ile alipanda juu ya paa akaliziba, na mimi nikamshikia ngazi. Ule ujumbe niliusahau kabisa. Dada hakuusahau.

Mwaka wa tatu, dada alichukuliwa na kipindi cha televisheni. Kilikuwa kipindi cha maisha halisi, kinachowafuata wanawake wanne wa mjini katika biashara zao na ndoa zao na magomvi yao. Kwa muda wa miezi tulimwona akifokeana na wenzake kwenye kumbi zenye maua meupe, nasi tulijivunia, maana watu wa mtaani walitusimamisha kutuuliza habari zake. Kisha akapiga simu kusema kwamba wenye kipindi wanataka kuja Pemba, waone alikotoka, na wakione kikao cha familia juu ya mama. Yeye alitaka kumhamishia mama Dar es Salaam, karibu na hospitali kubwa. Kaka hakuwa na kauli. Mimi sikutaka mama asafirishwe, kwa sababu daktari wa Wete alishatwambia kwamba safari itamchosha bila faida, na kwa sababu mama mwenyewe, kila tulipomuuliza, alitikisa kichwa.

Nilimweleza mume wangu habari ya wageni wale. Alikuwa anakunja shuka za mama. Akasema, "Mie nitasaidia kila kitu. Nitawapokea, nitawatafutia gari. Lakini mie sitaki kuonekana, wala Bi mkubwa asipigwe picha kitandani."

Nikamwahidi yote mawili.

Walikuja watu wanne na dada yangu wa tano. Mwongozaji alikuwa mwanamke mdogo, mpole wa maneno, aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Siku ya kwanza walipiga picha sokoni na bandarini, dada akitembea na kuelekeza kidole. Siku ya pili ilikuwa ya kikao. Asubuhi yake mwongozaji aliniita pembeni akaniambia kwamba kikao kitaonekana kina pengo, kwa kuwa watazamaji watajiuliza mume wa nyumba yuko wapi. Nikamwambia hataki. Dada akadakia kwamba sisi ndio tunaowadekeza waume, na kwamba ni kukaa tu, hakuna atakayemuuliza kitu.

Nikaenda kumtafuta mume wangu. Alikuwa uani, amefungua feni ya mtu. Nikamwambia maneno yale yale, kwamba ni kukaa tu. Alinitazama, akaniuliza kama mimi mwenyewe ndiye ninayetaka. Nikasema, "Kwa ajili yangu." Akanawa mikono, akaingia ndani kupiga pasi kanzu yake. Kwa hiyo ahadi ya kwanza niliivunja mwenyewe, kabla ya kamera kuwashwa. Ile ya pili ilishikwa, kwa sababu yeye alikwenda kuufunga mlango wa chumba cha mama na ufunguo akautia mfukoni.

Tulikaa ukumbini, sisi wanne juu ya busati, taa zao zikituchoma nyuso. Dada alianza kwa upole. Alieleza uchungu wa kuwa mbali na mama, na machozi yake yalikuwa ya kweli, hata sasa naamini hivyo. Kaka akasema maneno ya kusuluhisha. Mimi nikaeleza aliyoyasema daktari. Ndipo dada akageuka. Hakunitazama mimi, alimtazama mume wangu.

"Mie najua kinachozuia," alisema. "Mama akiondoka nyumba hii, kuna mtu itambidi na yeye aondoke. Ndiyo maana mama haondoki."

Kaka akamwambia aache maneno hayo. Dada akasema hayakuwa yake. "Kayasema mkewe. Kwamba kafunga kwake, kaja kujikalia kwa watu, hana habari ya kurudi." Kisha akaniuliza mimi, "Ulisema au hukusema?"

Mpiga picha alisogea, na lile jicho la kamera likanijia usoni. Nilikuwa na la kusema. Nilikuwa na paa, na mvua, na ngazi niliyomshikia. Nilikuwa na miaka mitatu ya asubuhi na alasiri. Ningeweza kusema kwamba ilikuwa hasira, kwamba niliyatamka na kuyasahau. Sikusema lolote. Nilihisi mume wangu akinitazama kwa upande. Nami, Mungu anisamehe, nikaitazama kamera, nikainua mkono, nikaweka mtandio wangu sawa.

Mume wangu alinyanyuka polepole. Akasema, "Bi mkubwa imefika saa yake ya dawa. Niwieni radhi." Akaingia ndani.

Mwongozaji alituambia baadaye kwamba kikao kilikuwa kizuri sana.

Siku walipoondoka nilimtaka radhi mume wangu. Nilimwambia yalikuwa maneno ya hasira ya siku ile ya paa. Akasema amefahamu. Nikadhani yamekwisha, kwa kuwa hakununa na hakubadilisha kazi yake hata moja. Mama alibebwa kwa wakati ule ule, kwa mikono ile ile. Alasiri ya siku ya pili nilikuwa jikoni nikasikia mtu anapiga hodi mlango wa mbele. Nikaitikia karibu, nikatoka kutazama ni nani. Alikuwa mume wangu, amesimama nje ya kizingiti na mkoba wake wa vyombo, anasubiri.

Nilidhani anatania. Lakini siku iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo, na iliyofuata pia. Kama hakuna aliyemwitikia, alikaa barazani mpaka nitoke. Aliacha kukaa kwenye kiti cha marehemu baba. Akitaka maji alisema, "Naomba maji," hata kama mtungi uko mbele yake. Wiki ikapita, kisha ya pili. Nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza mbona anapiga hodi kwenye nyumba yake.

"Kwa watu mtu hupiga hodi," alinijibu. Hakukuwa na ukali hata kidogo katika sauti yake, na hilo ndilo lililonitisha.

Miezi miwili baadaye kipindi kikaonyeshwa, Jumamosi alasiri. Mimi sikukitazama. Nilikuwa nyumbani na mama, nimezima televisheni, nikijiambia kwamba labda kile kipande watakikata. Mume wangu alikuwa dukani kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, jirani na soko, anatengeneza friji la barafu. Televisheni ya dukani ilikuwa juu ukutani, na wateja wamesimama wanaangalia. Yeye alikuwa amechuchumaa nyuma ya friji, hawakumwona. Yaliyotokea nilihadithiwa na mke wa mwenye duka, aliyekuwa kwenye kaunta.

Alisema watu walicheka mahali dada aliponinukuu. Mmoja wao, asiyejua nani yuko pale, akasema mwanamume kama huyo bora kuvaa khanga. Kisha picha ikabaki juu ya uso wangu, kwa muda mrefu, na muziki. Mwenye duka alinyanyuka, akaizima televisheni, akawaambia watu kwamba umeme una kasoro. Mume wangu aliendelea na kazi yake mpaka akaimaliza. Alipoinuka na kutoka, watu walimtambua. Akawaaga kwa salamu, kila mmoja, na yule aliyesema maneno ya khanga pia.

"Nimekwambia ili ujue," yule mama aliniambia. "Yeye hatakwambia."

Ni kweli, hakuniambia. Alirudi, akapiga hodi, akambeba mama. Binti yetu akapiga simu kutoka Unguja. Hakunisalimia kama kawaida, aliomba tu kuongea na baba yake. Nilimsikia mume wangu akimwambia asome, asiwe na wasiwasi, televisheni ni kazi ya watu.

Nilimpigia dada. Nilimwambia alichomfanyia shemeji yake hakikuwa haki, na nilichomfanyia mimi ni kibaya zaidi. Dada akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba jambo hilo lina dawa yake, kwa sababu wenye kipindi wanaandaa kikao cha mwisho, studio, Dar es Salaam. Tutaalikwa mimi na mume wangu, tutakaa kwenye makochi, nitamwomba radhi mbele ya watu wote waliokwishaona, na yeye dada pia ataomba. Watu watalia. Jina la mume wangu litasafishika kuliko lilivyochafuka. Nilipokata simu nilihisi nimepata njia. Walioona ni wengi. Basi na wakasikie wengi.

Nilimweleza mume wangu huku anamlisha mama uji. Alimaliza kijiko alichokuwa nacho, akampangusa mama mdomo.

"Uliniumiza mbele ya ndugu zako," alisema. "Sasa unataka kunipoza mbele ya watu nisiowajua?"

Nikamwambia nia yangu ni wajue ukweli.

"Ukweli wanaujua nani? Kaka yako anaujua? Yule yuko mtaa wa pili, na tangu siku ile hajanitazama machoni. Huendi kwake. Unataka kwenda Dar."

Akaweka bakuli chini. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya kikao kwamba alikuwa anaongea na mimi, si kunijibu tu.

"Maneno yale mie nayaelewa," alisema. "Mtu akichoka husema. Mie pia nikiwa kazini nimewahi kukusema, tena kwa maneno mabaya. Kilichoniuma ni kwamba nilikutazama. Nilikuwa nangoja. Ukashughulika na mtandio."

Mama alikuwa ametukodolea macho, mkono wake wa kushoto umeshika ukingo wa kitanda. Sijui alielewa kiasi gani. Mimi nilitoka nikaenda uani, nikakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, nikalia mpaka adhana ya alasiri.

Nikampigia dada tena, nikamwambia hatuji. Alikasirika. Alisema ameshawaahidi watu, na kwamba nikikataa itaonekana yeye ndiye mbaya peke yake. Nikamwambia kwamba mimi siendi popote wala sisemi kitu mbele ya mtu yeyote juu ya mume wangu bila ya yeye kuridhia, na kwamba kama anataka kusuluhisha, aje Idi, aje peke yake. Akakata simu. Kile kikao cha mwisho kikafanyika bila sisi. Niliambiwa kwamba kiti kimoja kiliachwa kitupu kwa makusudi.

Lakini Idi ilipofika, dada alikuja. Alishuka na mkoba mmoja, amevaa buibui la kawaida, na sikumwona na kamera wala simu mkononi. Siku ya kwanza ya Idi mume wangu alikwenda Fundo kuwaangalia wazee wake, akatapika njia nzima kama kawaida yake, na mashua ya kurudi ikachelewa. Alasiri ikafika, mama anahitaji kuinuliwa. Dada akasema atambeba yeye. Alijaribu kwa nguvu zake zote, nami nikimsaidia upande wa miguu. Tulimfikisha nusu ya kitanda, mama akapiga kelele ya maumivu, tukamrudisha. Tukajaribu tena. Mama akaanza kulia, huku akisema "fundi, fundi," na kututazama kama watu asiowajua. Dada alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani. Alibaki hapo mpaka mume wangu alipofika, akapiga hodi, akaingia, akaweka goti kitandani na kuhesabu mpaka tatu.

Siku ya pili nilimwomba kaka aje. Nilimuuliza mume wangu kwanza kama ananiruhusu niseme mbele ya ndugu zangu, na kama angependa kuwepo. Akasema niseme nikitaka, lakini yeye atakaa ndani na mama. Mlango aliuacha wazi.

Sikuwa nimepanga maneno. Niliwaambia ndugu zangu kwamba mume wangu ana nyumba yake, na kwamba hakuja kukaa kwa watu, bali niliomba mimi, kwa sababu sisi watatu, watoto wa mama, hatukuweza. Niliwaambia habari ya paa. Niliwaambia kwamba aliniomba asionekane nami nikamtoa kwa nguvu, na kwamba nilipoulizwa mbele yake nilinyamaza kwa sababu niliogopa nitakavyoonekana. Nikawaambia kwamba wamchukulie vyovyote watakavyo, ila wasimhesabie neno langu, maana lilikuwa la uongo na aliyelisema ni mimi. Kaka alikuwa ameinamisha kichwa, anachora chora busati kwa kidole.

Kisha nikasema lile ambalo sikumwambia mtu, hata mume wangu. Nikasema kwamba nataka tumhamishe mama Gombani, akauguliwe nyumbani kwa mume wangu, kama yeye ataridhia na mama ataridhia. Nyumba hii ya baba ifungwe au kaka aingie na watoto wake, watajua wenyewe. Halafu nikamsikia mume wangu akimuuliza mama polepole, neno kwa neno, kama anavyoulizwa mtoto. Sikulisikia jibu. Akatoka, akasimama mlangoni.

"Bi mkubwa anauliza kama Gombani kuna feni," alisema.

Kaka ndiye aliyecheka kwanza, kicheko cha mtu aliyeshikwa na kilio. Alinyanyuka akamshika mume wangu mkono, akaushikilia. Dada hakunyanyuka. Baadaye nilimkuta jikoni akiosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Aliniambia kwamba kila simu ikilia huko aliko, huanza kufikiri kwamba mama amekufa na yeye hayupo. Kamera ilipowashwa, alisema, ile hofu ikatafuta mtu wa kumwangukia. Alipokwenda kumwomba radhi mume wangu, yeye alimjibu, "Yamepita, dada," kwa adabu, akiwa ameangalia pembeni.

Tulihamia Gombani baada ya wiki mbili. Kaka aliingia nyumba ya baba na familia yake. Mume wangu alipanua mlango wa chumba cha mbele ili kiti cha mama kipite, na feni aliifunga mwenyewe. Hodi ikakoma. Sikujua ni siku gani hasa ilikoma, kwa sababu sikuthubutu kuonyesha kwamba naingoja.

Mama aliishi miezi saba pale. Alifariki asubuhi ya siku ya kawaida, amekwisha kunywa chai yake, mume wangu akiwa kazini na mimi niko karibu naye nikimchana nywele. Dada alifika kwa ndege ya mchana, akamkuta bado hajatolewa. Sisi wanawake hatwendi makaburini, kwa hiyo yaliyotokea huko niliambiwa na kaka. Aliniambia kwamba walipofika kaburini, yeye ndiye aliyeteremka kwanza, kama mtoto wa kiume. Mpwa wa marehemu baba akataka kuteremka wa pili. Kaka akamzuia, akamtafuta mume wangu katika watu, akamkuta yuko nyuma kabisa.

"Shuka weye, shemeji," alimwambia. "Sisi hatujui kumbeba."

Huu sasa ni mwaka wa pili tangu mama aondoke. Dada bado yuko kwenye kile kipindi. Hunipigia simu Ijumaa, na huomba kumsalimia shemeji yake. Mwanzo walikuwa wakisalimiana tu. Siku hizi humuuliza habari za jokofu lake la maua linalotoa maji, naye humwelekeza afungue wapi na asiguse wapi, na mazungumzo yao huwa marefu kuliko yetu mimi na yeye. Kile kipande hurudiwa mara nyengine, kinakatwa na kupelekwa kwenye simu za watu, na kila baada ya muda mwanafunzi wangu mmoja hunitazama kwa namna ambayo naijua. Sina la kufanya juu ya hilo.

Mume wangu hajawahi kulizungumza tena. Kuna siku, tukiwa na ndugu zangu au zake, mtu akasema neno linalomgusa, naye hunitazama. Ni kutazama kwa haraka, hata mwengine hawezi kugundua. Nami husema. Mara nyengine husema vibaya, nikamkatiza mkubwa wangu, nikaleta ubaridi kwenye sinia la chakula. Sijui kama amenisamehe lote au amenisamehe sehemu, na sijamuuliza. Jana kulikuwa na mpira uwanjani, makelele yakawa yanatufikia hadi barazani. Alikuwa amefungua injini ya friji la jirani juu ya gunia, mikono yake imejaa mafuta, akaniomba nimkunje mikono ya shati. Nikamkunja, mmoja kisha wa pili. Akaendelea na kazi yake, nami nikarudi kwenye madaftari ya wanafunzi.